Chungu Kisichofunikwa

Jumamosi iliyopita binti yangu aliunguza unga makusudi jikoni kwangu, hapa Nyasura, Bunda, na mimi nikalazimika kukaa chini. Sikuwa nimechoka. Ni harufu tu.

Ngoja nikueleze vizuri, maana najua utauliza ni binti gani mwenye akili zake anayeunguza unga. Huyu wangu amemaliza chuo, anasubiri ajira kama wenzake, na kusubiri kwenyewe ni kwenye simu. Kutwa anaangalia watu wa mbali wakipika. Safari hii alikuwa amewapata watu wa Luiziana, huko kusini mwa Marekani, wanaoitwa Wakajuni. Kwa maelezo yake wanaishi kwenye mito na mabwawa, wanakula samaki, bamia, vitunguu na pilipili, na mchuzi wao unaanza kwa unga uliokaangwa kwenye mafuta mpaka ugeuke kahawia. Asubuhi alikwenda sokoni Bunda mjini akarudi na kikapu kimejaa: bamia changa, nyanya zilizoivia shambani, vitunguu na majani yake, hoho za rangi mbili, na kipande cha sangara ambacho muuzaji alimwapia kuwa kimetoka Musoma alfajiri ileile. Kuapa ni bure, mimi sina la kusema. Nyama hakununua. Binti yangu ameacha nyama, na hilo nalo limetoka kwenye simu.

"Mama, hii ni chakula ya Wamarekani," aliniambia huku akikoroga. "Wewe hujawahi kula."

Harufu ilikuwa imeshanifika kooni. Unga ukikaribia kuungua, kabla haujaungua, unatoa harufu ya karanga iliyochanganyika na majani makavu. Mara ya mwisho niliisikia nikiwa mtoto, Murangi, siku ambayo mama yangu alipika samaki. Na mama yangu mwenyewe alikuwa hapohapo nje, kwenye kibaraza, akichambua mchicha. Anaishi nasi sasa, macho yamepungua, na samaki hali. Hajala samaki tangu siku hiyo ninayokwambia. Nilimchungulia dirishani nikaona ameacha kuchambua, jani limebaki mkononi, uso ameuelekeza jikoni.

Murangi ni upande wa baba, kandokando ya ziwa. Nyumba ya bibi, mama yake baba, ilikuwa juu kidogo ya mwalo, pale mitumbwi inapotia nanga, na katikati ya nyumba na maji kulikuwa na mawe makubwa ambayo sisi watoto tuliyatumia kuanikia nguo na kukwangulia magoti. Tulikuwa wachache pale nyumbani: bibi, baba, mama, mimi na mdogo wangu, aliyekuwa bado anajifunza kusema. Jiko lilikuwa kibanda cha matete kilicho wazi upande wa ziwani. Wageni walidhani ukuta umeanguka. Haukuanguka. Bibi hakutaka ujengwe, na sababu yake nitaifikia.

Bibi hakula nyama. Katika mkoa huu wetu wa Mara, mtu asiyekula nyama anaangaliwa kama mgonjwa au kama mshirikina, lakini bibi hakujali. Alipokuwa msichana, kaka yake aliuawa kwa ajili ya ng'ombe, tena ng'ombe wenyewe si wake. Alikuwa amefuatana na watu waliokuwa wakifuata nyayo za mifugo iliyoibwa. Waliporudi na maiti walirudi pia na ng'ombe, na siku ya matanga wakamchinja mmojawapo. Bibi aliletewa kipande kwenye sahani. Toka hapo nyama haikuingia nyumbani kwake. Harusi, Krismasi, mgeni kutoka Musoma mwenye suti, wote walikula samaki.

Na walikula wakashiba, nikwambie. Siku ya gulio bibi alitangulia sokoni kabla akina mama wa milimani hawajatua mizigo yao, akawa anaminya nyanya kama daktari anayetafuta ugonjwa. Bamia alizivunja ncha. Isiyolia "kacha" aliirudisha kwenye fungu bila kuomba radhi. Alinunua nyanya chungu, vitunguu vidogo vyekundu, ndimu, na zile pilipili fupi zinazokufanya uitike bila kuitwa. Mafuta yalikuwa ya mbegu za pamba kutoka Bunda, mazito, yenye harufu yake, yakiuzwa kwenye chupa za soda. Unga ulikuwa wa udaga, muhogo uliovundikwa ukakaushwa, uleule wa ugali.

Samaki alikuja na baba. Sato, gogogo mwenye miiba ya kuchoma vidole, mumi, na furu, wale samaki wadogo wa rangi rangi tuliowala wazima wazima. Mara mojamoja alikuja ningu, na siku ya ningu bibi alikuwa hasemi na mtu mpaka amalize kupika. Baba aliondoka kabla ya jua kwenda kutegua nyavu, na ilipokaribia mchana mitumbwi ilianza kuonekana ikizunguka mawe. Hapo ndipo bibi alipobandika chungu. Samaki wa jana aliyekwishabanikwa kwa moshi alikuwa pembeni akisubiri. Kwanza mafuta, kisha unga, kisha mwiko usiosimama. Unga ulipogeuka kahawia alitupia vitunguu, kukawa na kelele na moshi, halafu nyanya, bamia, maji, samaki na kichwa chake, pilipili mwisho kabisa. Na chungu hakufunika. Mwanamke mwingine akija akataka kumsaidia kwa kuweka mfuniko, bibi aliuondoa akauweka mbali.

Sababu ilikuwa baba. Alikuwa amemzoesha tangu utoto wake: mvulana akiwa mwaloni alisikia harufu ya unga akajua sasa ni kurudi. Alipokuwa mtu mzima na nyavu zake, harufu ilikuwa bado ikimfuata majini kwa sababu kabla ya mchana kamili upepo wetu ulikuwa ukishuka kutoka milimani kwenda ziwani. Ndiyo maana jiko halikuwa na ukuta upande ule. Baba alikuwa na utani wake mmoja, akausema mpaka ukachuja, "Wengine wanatafutaga nyumba kwa macho. Mimi hii nyumba naionaga kwa pua."

Masika moja ukungu na mvua vilifunika ziwa mpaka huoni mkono wako. Mitumbwi mingine ililala kwenye mwalo wa kijiji cha jirani. Baba alifika nyumbani, amelowa, anacheka, na mwenzake wa mtumbwini akatuapia kwamba jamaa alikaa mbele ameinua pua kama mbwa, akisema kata kushoto, kata kulia. Sijui kama ni kweli. Bibi aliamini, na mama aliamini, na mimi mpaka leo ukiniuliza vibaya nitakuambia ni kweli.

Mama yangu hakuwa mtu wa ziwa. Alitoka upande wa Butiama, kwa watu wa ng'ombe na pamba, alikozoea maziwa ya mgando na mboga zilizoungwa kwa samli. Siku yake ya kwanza jikoni kwa mkwewe alipewa sato mkubwa amtengeneze. Akamparua vizuri, akamtoa matumbo vizuri, halafu akamkata kichwa akakitupa kwa paka. Basi! Habari ilifika Musoma kabla ya paka kumaliza kula. Kwetu kichwa ni cha mwenye nyumba, na aliyekitupa ni kama amemtupa mwenye nyumba mwenyewe. Miaka ikapita, mama akajua kupika kuliko wanawake waliozaliwa mwaloni, lakini kila akibandika chungu bibi alipita nyuma yake akauliza, uso mkavu kabisa, "Mkamwana, umeweka na kichwa?" Na mama alijibu, "Nimeweka, mama." Wakacheka wote wawili. Walipendana wale wanawake. Naomba ulishike hilo, kwa sababu mbele huko utasahau.

Baba alipotea asubuhi moja yenye upepo ambao haukuwa hata mkubwa wa kutisha. Alikuwa na mwenzake yuleyule, mume wa jirani yetu. Bibi alibandika chungu mitumbwi ilipoanza kuonekana. Ikazunguka mawe, mmoja mmoja, wa baba ukawa haupo. Bibi akakaanga unga mwingine. Jioni mtumbwi uliletwa ukivutwa na mwingine, umejaa maji, kasia moja. Wanaume walitafuta, wakatafuta. Mume wa jirani alipatikana kwenye matete, wakamzika, tukamlilia. Baba hakupatikana.

Sasa kuna jambo lazima ulijue. Kwetu, upande wa baba, ziwa likimchukua mtu asipatikane, nyumba yake haipiki samaki mpaka azikwe. Sababu haisemwi mbele ya watoto, lakini watoto si wajinga: samaki wanakula kilichomo majini, na wewe huwezi kujua unapakua nini. Akikosekana kabisa, wazee wanakata mgomba, wanaufunga shuka kama mtu, wanauzika kwa jina lake. Watu wanalia, wananyoa, na baada ya hapo samaki anarudi chunguni. Kwa hiyo kwenye nyumba ya namna hiyo ikisikika harufu ya samaki, hakuna haja ya tangazo. Kijiji kizima kinajua kwamba wenyewe wamekubali mtu wao amekufa.

Baba mkubwa, kaka yake baba, alikuja na wazee kuzungumzia mgomba. Bibi aliwakaribisha, akawapa uji, akawasikiliza mpaka mwisho bila kuwakatiza. Kisha akasema, "Mimi sikuzaa mgomba."

Walijaribu tena. Wakamleta mtu wa kanisa, akasoma, akaomba. Bibi aliitikia amina yake, akasema tena, "Sikuzaa mgomba, baba. Nimezaa mtu. Mleteni huyo nitamzika."

Ndivyo samaki walivyotoka nyumbani kwetu. Bibi aliendelea kwenda gulioni kuminya nyanya zake, akaendelea kupika bamia na nyanya chungu na majani ya maboga, lakini kwa maji na chumvi tu. Unga hakukaanga tena. Unga wa kukaanga ni wa samaki. Na chungu akawa anakifunika. Mlio ule wa mfuniko wa bati ukikaa mahali pake ulikuwa mpya masikioni mwangu na nikauchukia. Chakula kikiwa tayari alitupakulia, akaita kama alivyokuwa akiita siku zote, "Njooni mle samaki."

Tulikwenda. Tulikaa tukala mlenda na ugali, na hakuna aliyesema kwamba hii si samaki. Mdogo wangu peke yake, ambaye alikuwa ndiyo kwanza anashika maneno, alichovya kidole kwenye bakuli akatafuta. Ile namna yake ya kutafuta chini ya bamia, ndugu yangu, nikiikumbuka bado inaniumiza.

Kiangazi kikaingia. Maharage yalikwisha, kuku walikufa kwa kideri, mvua ikachelewa na bustani za milimani zikakauka, gulio likawa mafungu madogo madogo ya vitu vilivyosinyaa. Mimi nilikonda tu. Mdogo wangu alivimba. Miguu ilivimba, mashavu yakavimba, nywele zikawa nyekundu na laini kama za mahindi, na akaacha kulia, jambo ambalo mwanzoni tulidhani ni heri. Mama alimpeleka zahanati. Muuguzi alimbonyeza mguu kwa kidole, shimo likabaki, akamwangalia mama kwa hasira kabisa.

"Nyie si mnakaaga ziwani?" alimuuliza. "Huyu mtoto mnamnyimaga samaki kwa nini?"

Mama alimfunika mtoto miguu kwa kanga. Alimbeba tukarudi. Jirani, yule mjane, akijua yote, alileta bakuli la mchuzi wa dagaa akalipitishia kwenye ua wa minyaa upande wa chooni. Bibi aliliona. Hakugomba. Alilichukua, akalifunika kwa kitambaa safi, akalirudisha kwa mwenyewe kwa mikono miwili akimshukuru. Mdomo wa mtoto ni wa nyumba, na nyumba ilikuwa inasubiri. Mama naye hakuweza kumchukua mwanawe aende kwao Butiama kwenye maziwa, kwa maana mke anayeondoka kabla mume hajazikwa amemkimbia mume aliye hai, na akirudi hakuna wa kumpokea. Nilimsikia jirani akimwambia uani, wakiosha vyombo, "Mimi wangu nilimwona kwa macho. Nimelia, nimemaliza. Wewe mwenzangu utaanza lini?"

Mama aliendelea kusugua sufuria.

Ilikuwa siku ya gulio. Bibi alitangulia kama kawaida. Mama alisema anaumwa kichwa, akabaki. Bibi alipopotea kwenye njia, mama alishuka mwaloni, akarudi na sato kwenye majani ya mgomba, sato wa wastani, macho yake bado maangavu. Alinituma kwa jirani nikaombe bamia na nyanya. Jirani alinipa, akaniuliza za nini, nikasema sijui. Sikuwa nadanganya.

Mama alipika kama bibi alivyomfundisha, bila kuruka kitu. Mafuta ya pamba, unga wa udaga, mwiko usiosimama. Mdogo wangu alikuwa mgongoni kwake kwenye kanga, kichwa kimelala upande. Harufu ilipotoka aliinua kile kichwa. Nilimwona. Mimi mate yalinijaa mdomoni na wakati uleule nikaogopa, kwa sababu nilikuwa mkubwa vya kutosha kujua tunachofanya. Mama alitupia vitunguu, nyanya, bamia, akaweka samaki. Mfuniko aliuchukua akauweka mbali, juu ya jiwe. Akasimama akitazama ziwa.

Majirani walianza kutoka. Mwanamke mmoja alisimama mlangoni kwake akaweka mikono kichwani. Mwingine akavua viatu. Hakuna aliyesogea. Nadhani walimsubiri bibi, na bibi alikuja, kikapu kichwani, harufu imekwishampokea njiani, maana alikuwa akitembea polepole kuliko mtu anavyotembea akiwa amechoka.

Aliingia jikoni. Alitazama chungu. Alimtazama mama, akamtazama mtoto mgongoni. Mimi nilijikunja pembeni ya kuni nikangoja apige kelele, apige teke chungu, chochote.

"Mkamwana," alisema. "Umeweka na kichwa?"

"Nimeweka, mama."

"Haya."

Alitua kikapu chini, vizuri, nyanya zisipondeke. Alifungua kitambaa cha kichwani akakiweka juu ya kikapu. Kisha akatoka nje akatazama ziwa akapiga yowe, na lile yowe wanawake wote waliokuwa wakingoja wakalipokea, likapanda mpaka milimani. Msiba wa baba yangu ukaanza.

Mgomba waliukata nyuma ya jiko, ule mkubwa kuliko yote, uliokuwa umekua kwa maji ya kuoshea samaki. Waliuvika shuka la baba. Tulizika. Mama alinyolewa. Mdogo wangu alilishwa mchuzi siku ileile, kijiko kwa kijiko, na jirani, huku watu wakilia, na akaendelea kulishwa mpaka uvimbe ukashuka. Alipona. Leo ni mwanamume mnene anayeendesha lori Mwanza, na ukimkaribisha samaki anasema hapana, miiba inamsumbua. Haikumbuki hata harufu. Simlaumu, lakini wakati mwingine namwangalia akitafuna kuku nataka kumpiga kofi.

Bibi hakumsamehe mama. Hakumtukana, hakumfukuza, hakusema neno baya hata moja mbele yangu. Aliacha tu kumwita mkamwana. Akimtaja alisema "aliyepika." Mwambie aliyepika maji yamekwisha. Aliyepika yuko wapi? Ukoo ukalidaka jina hilo, na kijiji kikalidaka, na kila mtu alielewa maana yake: huyu ndiye aliyemzika mume wake kwa mwiko, mama mzazi akiwa bado anamsubiri. Matanga yalipokwisha mama alituchukua tukaja huku Bunda, akalima pamba ya watu, akatulea. Bibi hakutoka kutuaga. Tulirudi Murangi kumzika yeye, nikiwa msichana tayari, na hata pale kaburini wanawake walimpisha mama kama unavyompisha mtu mwenye ndui. Mama hakujitetea. Ugali na mboga za majani ndicho chakula chake toka hapo, na mimi nikajiambia najua kwa nini. Alichagua mtoto mmoja aliye hai, nikasema, na anajinyima kwa ajili ya mume ambaye hayupo. Nimeishi na maelezo hayo. Nimewaeleza na wanangu hivyohivyo.

Sasa turudi jikoni kwangu, Jumamosi.

Binti yangu alikuwa ameshatia bamia na hoho, na kile kipande cha sangara kikaenda juu, na sufuria ikawa inachemka vizuri. Akachukua mfuniko.

"Acha wazi."

Mama alikuwa amesimama mlangoni, ameshika ubavu wa mlango. Hatukumsikia akiingia.

"Bibi, itapoa."

"Acha wazi, mjukuu wangu." Akasogea mpaka kwenye jiko, akainamisha uso kwenye mvuke. "Umeweka na kichwa?"

"Haikuwa na kichwa, bibi. Nimenunua kipande tu."

Mama akatikisa kichwa polepole, kama anayesema ndivyo dunia ilivyo sasa. Nilimvutia kiti. Na mimi, ambaye sijawahi kumuuliza neno lolote kuhusu siku ile, sijui nilipata wapi kinywa. Nikamwambia nakumbuka. Nikamwambia hakuna aliyekuwa na haki ya kumwita vile, kwamba alipika kumwokoa mdogo wangu na mama yeyote angefanya hivyo.

Mama alinigeuzia yale macho yasiyoona vizuri.

"Mdogo wako alikula, nashukuru Mungu," alisema. "Lakini sikupika kwa sababu yake. Nilikuwa namwita baba yako."

Binti yangu aliacha kukoroga.

"Bibi yako alikuwa ameacha kukaanga unga," mama aliendelea. "Akawa anafunika chungu. Mimi nikasema moyoni, sasa huyu mtu atarudije? Si anaionaga nyumba kwa pua? Labda yuko mahali, kisiwani huko, hasikii kitu. Na unga mtupu angejua tunamdanganya, ilikuwa lazima samaki awemo."

"Lakini mama, ulijua watu watasemaje."

"Nilijua. Nilisema akitokea kabla samaki hajaiva, nani ataniuliza?" Alisikiliza sufuria kidogo. "Nikasimama pale natazama majini. Bibi yako akaja, akaniuliza habari ya kichwa. Nikafurahi, unajua? Nikasema mama amenielewa, tunamwita wote. Halafu akatoka nje akalia." Alijifuta pua kwa ncha ya kanga. "Alipolia yeye ndipo nikajua haji."

Miaka yote hiyo, ndugu yangu. Mmoja alilia kwa kuwa mwenzake amepika, na aliyepika alikata tamaa kwa kuwa mwenzake amelia, na wote wawili walikuwa wakimsubiri mtu mmoja. Nilimuuliza kwa nini hakumwambia bibi. Akasema aliona aibu, mtu mzima kumvutia marehemu kwa mchuzi, na baadaye ikawa bibi hayupo.

Nyumba ile imebaki ukuta mmoja. Mwalo umehamia upande wa pili, furu wamekwisha, ningu wanangu wanamjua kwa jina tu. Aliyekuwa akivunja ncha za bamia akisikiliza zinavyolia amelala karibu na kaburi lenye mgomba ndani yake, na huo nao utakuwa umekwisha kuoza zamani.

Sufuria hatukuifunika. Binti yangu alizima moto, akafungua na mlango wa uani bila kuambiwa, tukakaa watatu mpaka mchuzi ukapoa kabisa. Ndipo tukala. Mama alikula mboga, samaki akamsogeza ukingoni mwa sahani, akamwacha pale.